Nyumba iko Gatumba, mimi niko Uvira

Nyumba yetu ya Gatumba, upande wa Burundi, ilijengwa kwa pesa za mama za kuuza ndagala. Alishafariki, hati iko kwa jina langu. Kutoka mpaka wa Kavimvira si mbali, lakini mpaka ukifungwa, ni mbali sana.

Bima ya nyumba hukatwa kule nyumba iliko, basi nilivuka mpaka Bujumbura. Ofisi ya kwanza ilinitajia bei ndogo. Nilishashika kalamu. Halafu nikasoma karatasi yao ya Kifaransa polepole, kama tunavyosoma tangazo kabla ya kuingia studio. Moto, ndiyo. Wezi, ndiyo. Mafuriko, hapana. Gatumba hiyo hiyo! Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika, na kwetu maji yalifika dirishani.

Tena, nyumba ikikaa tupu siku nyingi, hawalipi. Kumbe ile familia ya wakimbizi tuliyoipokea pale bila kodi ndiyo inalinda haki yangu, na mimi nilifikiri ninawasaidia.

Ofisi ya pili inakubali maji, kwa bei karibu mara mbili, lakini inataka taarifa ndani ya siku tano. Na mpaka ukifungwa? Nikaomba waandike kwenye mkataba jina la baba wa ile familia, atoe taarifa kwa niaba yangu. Wamekubali.

Ndugu wenye nyumba ng'ambo, ulizeni kwanza maji na nyumba tupu, bei baadaye. Juma hii navuka tena kupiga picha za kuta. Wanazitaka kabla ya kusaini.