Bibi Ameshuka na Treni ya Kigoma

Mkwe wangu, binti msomi na mwenye adabu, aliniuliza juzi pale Cheyo, hapa Tabora, kichanga akiwa bado hajadondosha kitovu: "Mama, kweli utakaa wiki nzima?" Wiki aliiona nyingi. Zamani bibi hakuulizwa anaondoka lini. Alikaa mpaka arobaini itimie.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa mtu wa Ujiji. Ujiji na Tabora ni ndugu wa njia moja tangu misafara ya pembe ilipokuwa ikitoka ziwani, inatua Unyanyembe, yaani hapa Tabora, kisha inashika safari ya Bagamoyo. Reli ilipofika hapa 1912, na Kigoma 1914, watu waliendelea kutembeleana kwa njia ileile, ila sasa wameketi. Mdogo wangu wa mwisho, kwa mujibu wa cheti, alizaliwa Desemba 1969. Mimi nakumbuka tu kuwa ulikuwa msimu wa maembe, maana bibi aliposhuka stesheni nilikuwa na embe mkononi na akaninyang'anya ili nimbebee kikapu.

Kikapuni mlikuwa na migebuka mikavu, chupa ya mawese, na kichupa cha mafuta ya mise kilichozibwa kwa gunzi. Mise ni kiini cha mbegu ya mchikichi. Hukaangwa mpaka iwe nyeusi, ikatwangwa, ikachemshwa, mafuta yakaelea na kuenguliwa. Harufu yake ni ya moshi na karanga iliyoungua. Nyumba nzima ilinuka mise, mapazia, mito, hata daftari zangu za shule, na mpaka leo nikiinusa namwona bibi ameketi chini, miguu ameinyoosha, mtoto kalala juu ya miundi yake. Maji aliyapima kwa kiwiko. Alimwosha, akampaka, akamkunjua mikono na kuikutanisha kifuani, kulia juu, kushoto juu, bila haraka, na mtoto aliyekuwa akilia anapiga miayo.

Kisha zamu ya mama. Alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa kanga, akapewa uji wa mtama wenye samli na pilipili manga. Hakugusa ndoo wala ufagio. Baba, karani wa reli, alihamia sebuleni. Kwa heshima ya mkwe, yeye na bibi hawakusemeshana ana kwa ana, walitupitishia sisi watoto maneno. "Mwambieni baba yenu kuni zimekwisha." Na baba, yuko palepale uani, hatua tatu tu: "Mwambieni mama nimesikia." Kuni zikaja kabla ya magharibi.

Si kila alichofanya bibi kifuatwe. Alimlambisha mtoto asali ya Sikonge kwa ncha ya kidole. Wauguzi wanaikataza asali kwa mtoto asiyetimiza mwaka, na wana haki: yaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa tumboni mwake sumu ya kulegeza misuli. Kitovu nacho kiachwe kikavu na safi. Hayo nayakubali kwa moyo mweupe.

Kinachoniuma ni kingine. Nilipozaa mimi, miaka ile ya foleni za sabuni, mama aliweza kukaa wiki mbili, shamba likamwita. Wadogo zangu walipata wiki moja. Siku hizi bibi anaonyeshwa mjukuu kwenye simu, anasema mashallah, simu inakatwa. Binti anafanyiwa upasuaji Jumatatu, Jumapili yuko uani anafua, mshono haujakauka, na kuogesha mtoto anajifunza kwenye video. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo; baba anapata 3. Siku 3! Hata kitovu hakijadondoka. Basi nani amshike mzazi mkono usiku wa siku ya nne, maziwa yamejaa na kumganda kifuani, naye analia asijue analia nini?

Wageni wapo, tena wengi. Wanaleta pampasi, wanapiga picha, wanasubiri soda, na mzazi ndiye anayeinuka kuwaandalia. Hapo Cheyo nimeshawaambia mashangazi: pampasi ziwekeni kitandani, kisha mmoja achote maji, mwingine abandike uji. Mwanangu akitoka kazini jioni, nepi ni zake.