Tupa ya Pembe Tatu

Katika zama nilizoingia kazi ya useremala hapa Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1960, hapakuwa na mtu aliyenunua msumeno akadhani kwamba amekwisha gharama zake. Msumeno ulihesabiwa kuwa chombo cha kuishi nacho umri mzima, na pengine cha kurithiwa. Kwa hiyo ilikuwa ni ada kwamba aendaye kununua msumeno hurudi pia na tupa mbili tatu za pembe tatu, zilizofungwa katika karatasi yenye mafuta, na fundi mwenye hadhi hakujulikana kwa wingi wa misumeno iliyotundikwa ukutani mwake, bali kwa tupa alizozihifadhi sandukuni, kila moja ndani ya kitambaa chake, zisigusane. Nataka kueleza namna tupa hizo zilivyokuwa zikichaguliwa, na namna uchaguzi huo ulivyogeuka mbele ya macho yangu, kwa sababu elimu hii, ambayo zamani ilikuwa ya kawaida hata haikuhitaji kuandikwa, sasa imebaki kwa watu wachache, nao wengi wao ni wazee.

Maalim wangu wa kazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na karakana upande wa Malindi, akifanya milango, makabati na vitanda, na mbao zetu zilikuwa mvule uliotoka bara, msaji, na mfenesi wa mashamba ya hapa hapa. Miti hiyo ndiyo iliyotulazimisha kuijua tupa. Mvule, pamoja na uzuri wake wote, mara nyingi huficha ndani ya moyo wake mawe ya chokaa, meupe na magumu, ambayo jino la msumeno likikutana nayo hupoteza makali papo hapo; na msaji una chembe za mchanga zisizoonekana kwa jicho, nazo huyala makali polepole mpaka fundi ashangae kwa nini ubao umekuwa mzito. Basi msumeno uliopasua mvule tangu asubuhi uliweza kuhitaji tupa kabla ya sala ya adhuhuri, na tupa mbovu katika karakana kama ile ilikuwa ni hasara ya siku nzima.

Kwa asiyeijua kazi hii, tupa ya msumeno ni kipande cha feleji chenye pande tatu zilizo sawa, kila pembe nyuzi 60, kinachopungua unene kuelekea nchani, na mistari yake huelekea upande mmoja tu, haipishani kama ya tupa nyingi za bapa. Inapopitishwa baina ya meno mawili, upande mmoja hunoa uso wa jino hili na upande wa pili hunoa mgongo wa jino jirani kwa wakati ule ule, na pembe yenyewe ndiyo ichimbayo kishimo kilicho baina yao, ambamo unga wa mbao hukaa mpaka utolewe upande wa pili wa ubao. Kwa hiyo roho ya tupa ni pembe zake. Pande zikiwa nzuri na pembe zikiwa mbovu, tupa itang'arisha meno lakini haitayashusha, na mwanagenzi ataendelea kusukuma akidhani ni mkono wake uliochoka.

La kwanza alilonifundisha Maalim ni kipimo. Wengi walipenda tupa kubwa kwa kuwa ina chuma kingi kwa fedha ile ile. Yeye hakukubali kabisa, na kanuni yake ilikuwa kwamba upana wa upande mmoja wa tupa uzidi kidogo mara mbili ya kina cha jino. Sababu yake ni hii: kila upande wa tupa hutumika mara mbili, mara ukiihudumia pembe hii, na mara, tupa igeuzwapo, ukiihudumia pembe ya pili; ukiwa na upana huo, nusu yake hulika ilhali nusu nyingine imebaki mpya, na tupa moja hukupa makali mapya mara tatu. Ukipungua hapo, katikati ya upande hulika maradufu, na tupa hufa kabla ya wakati wake. Ukizidi mno, pembe, ambayo katika tupa kubwa huwa butu zaidi, huacha kishimo kipana na jino fupi. Kwa hesabu ya inchi tuliyokuwa tukiitumia, msumeno wa kupasulia wenye meno 5 au 6 kwa kila inchi ulipewa tupa ya inchi 7. Wa meno 8, uliofanya kazi nyingi kuliko yote, tupa nyembamba ya inchi 6. Wa meno 10, ya inchi 6 au 5 iliyokondeshwa zaidi. Na ile misumeno midogo yenye mgongo wa shaba, ya kukatia ndimi za maungio, yenye meno 14 au 15, ilipewa tupa ya inchi 4 iliyo nyembamba kuliko zote.

La pili lilikuwa kuikagua dukani, na hapo ndipo nilipopenda kufuatana naye. Maduka ya vyuma mjini yalikuwa mengi yakishikwa na Mabohora, watu wastahimilivu katika biashara yao, ambao hawakuona vibaya mteja kufungua karatasi na kuitoa tupa mlangoni penye nuru. Maalim aliishika usawa wa jicho, akaitazama kwa urefu wake kama imenyooka, kwani tupa hupinda inapozamishwa majini ikiwa bado na moto wa kiwandani. Kisha akaizungusha taratibu mpaka pembe ielekee kwenye nuru. Pembe nzuri ilionyesha mstari mmoja mwembamba, mfululizo, usiong'aa. Pembe mbovu ilimetameta hapa na pale, na kila kimeto kilikuwa ni mahali palipomeguka au ambapo mistari ya pande mbili haikukutana sawasawa. Akatazama rangi: kijivu kilicholingana mwili mzima kilimridhisha, lakini doa la samawati lilimfanya airudishe bila ya kusema neno, maana rangi hiyo huonyesha kwamba moto umerudi ukalegeza ugumu wa chuma. Mwishowe alitoa mfukoni kipande cha msumeno uliovunjika, akapitisha tupa juu yake mara moja kwa mkono mwepesi, akisikiliza. Tupa iliyokaza huuma na kutoa sauti ya kukwaruza iliyo ya namna moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Iliyolegea huteleza, na ukishaisikia mara moja ikiteleza huwezi kuisahau.

Tupa tulizozipenda wakati huo zilikuwa za Sheffield, Uingereza, mji ambamo kwa vizazi vingi tupa zilikatwa kwa mkono: mtu aliketi mbele ya jiwe, tupa imelazwa juu ya risasi ili upande uliokwisha kukatwa usiharibike, akapiga patasi kwa nyundo mstari baada ya mstari, na wengi wao walidhurika kwa sumu ya risasi hiyo. Hata mashine zilipokuja, mafundi walilalamika kwamba mistari iliyolingana mno huifanya tupa itetemeke juu ya chuma. Na kampuni ya William Nicholson, iliyoanzishwa mwaka 1864 huko Providence, Marekani, ikasifika kwa kukata tupa kwa mashine huku ikiacha kwa kusudi tofauti ndogo ndogo baina ya mstari na mstari. Nayataja haya kwa sababu huwa nasikia watu wakisema kwamba cha mkono ni bora siku zote, na katika jambo la tupa si hivyo: tupa bora nilizozishika maishani mwangu zilikatwa kwa mashine.

Mageuzi ya kwanza niliyoyaona yalikuwa ya uhaba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Uganda vilipokuwa vimeshaila hazina ya nchi, na karafuu ikaja kushuka bei katika masoko ya dunia, bidhaa za nje ziliadimika, na tupa ya pembe tatu ikawa kitu cha kuagizwa kwa mabaharia waendao Mombasa. Hapo hapakuwa na kuchagua tena. Kulikuwa na kutunza. Tulizipaka tupa chaki ili unga wa chuma usigande baina ya mistari, tukazisugua kwa brashi ya waya, tukazilinda na hewa ya chumvi kwa kitambaa kilichopakwa mafuta, na kila mwanagenzi alionywa kwamba tupa husukumwa mbele tu, na wakati wa kurudi huinuliwa, kwani kuiburuta nyuma ni kuvunja meno yake. Zilizochakaa tulizizamisha katika maji ya betri yaliyopunguzwa makali, nayo huichimba mifereji ya tupa ikapata uhai wa siku chache. Na zilizokufa kabisa zilipelekwa kwa mhunzi zikageuzwa visu. Nasema bila ya kusita kwamba sijaona mafundi wakinoa vizuri kama miaka ile, kwa sababu kila msukumo wa tupa ulikuwa na thamani.

Kisha biashara ikafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na maduka yakajaa. Tupa zilirudi kwa wingi usio na kifani, kutoka nchi nyingi, katika mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa moto, isiyofunguliwa mpaka umelipa. Nyingine zilikuwa laini hata mstari wa kwanza ulilala baada ya kunoa nusu ya msumeno. Nyingine pembe zake zilimeguka kama ganda la yai. Jambo lililonihuzunisha zaidi ni kwamba baadhi yake zilichorwa majina tuliyoyaamini tangu ujana, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimeuzwa na kuhamishwa, na jina likahama pamoja na mashine bila ya watu waliolipa sifa yake. Tangu hapo niliacha kulichukua jina kuwa ni ushahidi. Hununua tupa moja, nikaikagua kwa njia ya Maalim, nikanoa nayo msumeno mzima, na ikiwa njema hurudi siku ile ile nikachukua zote zilizobaki katika sanduku lile, maana sanduku lijalo huenda lisiwe kama hilo.

Mageuzi ya mwisho ndiyo makubwa. Ilikuja misumeno ambayo ncha za meno yake zimekazwa kwa umeme mpaka zikawa ngumu kuliko tupa yenyewe. Hutambulikana kwa weusi wa samawati ulioko menoni, na ukiipitishia tupa, inayoharibika ni tupa. Hukata vizuri sana ikiwa mipya, na ikisha makali hutupwa. Vijana wa karakana hunambia, "Mzee, tupa moja nzuri ni karibu bei ya msumeno mpya, kwa nini tuhangaike?" Hesabu yao nimeisikiliza kwa makini, na kwa fundi apauaye nyumba kwa mbao laini sioni kosa lake. Lakini msumeno ule una umbo moja la jino, lililoamuliwa na kiwanda, na hapa kwetu bado tunakata mvule na msaji. Jino lake moja likigonga jiwe ndani ya mvule haliponi. La msumeno wa zamani hushushwa kwa tupa likalingana na wenzake, na ukitaka lisimame wima zaidi kwa kupasulia, au liinamishwe kwa kukata kinyume cha nyuzi za mti, hilo ni la mkono wako na tupa yako. Fundi aliyeiacha tupa ameacha sehemu ya uamuzi wa kazi yake mikononi mwa mtu asiyeujua mti anaoukata.

Siku hizi tupa zangu huniletea mpwa wangu aishiye Maskati: za Vallorbe, Uswisi, na za Ureno, na kila moja huipaka doa la rangi kwenye shina ili nijue ni pembe ipi iliyokwisha kutumika. Misumeno inayokubali tupa naitafuta katika nyumba za Mji Mkongwe, ambako hukutwa darini imeshika kutu. Vijana wawili wa karakana jirani wameanza kuniletea wanayoiokota, na hatubishani juu ya bei kabla ya kujua hali yake. Msumeno hutiwa katika jiliwa, nikachukua tupa iliyochakaa, nikaipitisha kwenye jino la mwisho karibu na mpini. Ikiuma naununua, ikiteleza wanarudi nao.