Kabureta Katika Hewa Nyepesi ya Mbulu

Kwa miaka mingi, ukisema gari katika Mbulu na Hanang ulikuwa unasema Land Rover, na Land Rover yenyewe ilikuwa ya petroli. Ndiyo iliyofikisha wagonjwa hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955; ndiyo iliyobeba mabwana shamba, mapadri na wakaguzi wa shule. Juu ya injini yake ya silinda 4, yenye ujazo wa lita 2.25, ilikaa kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye silinda. Mwanzo ilikuwa Solex, baadaye Zenith. Leo chombo hicho kimetoweka karibu katika magari yote ya Katesh, Dongobesh na Mbulu mjini, na wengi wanaokikumbuka wanakikumbuka kwa lawama: kilikula mafuta, kilizimisha gari mlimani, kilihitaji fundi kila wiki. Naamini kilihukumiwa kwa kosa lisilo lake. Gari lilipochoka, kabureta iling'olewa ikafungwa nyingine, na aliyekuwa na uwezo alitafuta kubwa zaidi. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa hewa ya huku juu, na tiba yake ilikuwa kupunguza petroli.

Kabureta haina uwezo wa kujua hewa ina uzito gani. Injini inapovuta, hewa hupita kwenye koo jembamba, mwendo wake unaongezeka, shinikizo lake linashuka, na petroli inafyonzwa kupitia jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu lililopimwa kiwandani. Kipimo kinacholengwa ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, na tundu lile lilichaguliwa Uingereza, mahali pasipo juu sana kuliko usawa wa bahari. Sasa lipandishe gari hilo kutoka Magara, kando ya Ziwa Manyara lililo kwenye mita 960 hivi, ukate ule ukingo wa Bonde la Ufa hadi uwanda wa Mbulu, unaovuka mita 1,700 na mahali pengine 2,000. Kwenye mita 1,800 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 16. Petroli inayofyonzwa nayo inapungua, lakini haipungui kwa kiasi hicho, kwa hiyo mchanganyiko unazidiwa na petroli kwa karibu asilimia 9. Plagi zinajaa masizi, bomba linatoa moshi mweusi, tangi linakauka mapema na gari linakosa nguvu. Dereva akiona nguvu zimekwisha hudhani injini ina njaa ya mafuta, na fundi anayemsikiliza bila kufungua plagi atatanua jeti kwa waya au atafunga kabureta yenye koo pana. Ugonjwa wa kuzidiwa na petroli unatibiwa kwa petroli zaidi.

Ushahidi kwamba jambo hili lilijulikana zamani ulikuwa ukitua Haydom kwenyewe. Ndege ndogo za injini za pistoni zilizofika pale zina wenzo maalumu wa kupunguza petroli, na rubani huuvuta kadiri anavyopanda juu. Ni sehemu ya mafunzo yake ya awali. Dereva wa Land Rover aliyekuwa akimsubiri kando ya uwanja alipumua hewa ileile iliyovutwa na injini yake, lakini hakuwa na wenzo wowote. Alichokuwa nacho ni choki, ambayo kazi yake ni kuongeza petroli, na asubuhi za baridi za Mbulu choki ilivutwa, ikasahaulika nje nusu ya safari.

Wapo watakaonijibu kwamba Land Rover nyingi zilipona baada ya kubadilishiwa kabureta, na hawatakuwa wamekosea. Zenith 36IV ilikuwa na dosari za kweli. Mwili wake wa aloi laini hupinda skrubu za kifuniko zikikazwa kupita kiasi, na pete ya mpira iliyo ndani hukakamaa kwa umri, petroli ikavuja kutoka njia moja hadi nyingine. Gari likiwa limesimama injini inatetemeka, ukilizima likiwa na moto haliwaki tena. Lakini tazama ni kabureta gani iliyosifiwa zaidi ilipowekwa mahali pake: Weber 34 ICH, ambayo ni ndogo kuliko Zenith. Wenye Land Rover katika nchi nyingi wanaifahamu kwa kula mafuta kidogo na kwa kupunguza nguvu kidogo kwenye mwendo wa kasi. Katika nyanda zetu ilifanya bila kukusudiwa kazi ambayo jeti ndogo ingeifanya kwa gharama ya chini mno. Na Zenith iliyopinda ilikuwa na tiba: kusugua uso wake juu ya kioo kilichotandikwa msasa mpaka ulale sawa, kisha pete mpya. Katika ukata wa fedha za kigeni wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla milango ya kuingiza bidhaa haijalegezwa mwaka 1984, fundi aliyejua tiba hiyo alilirudisha barabarani gari ambalo lingeoza likisubiri spea.

Kubadilisha kabureta kunagusa zaidi ya mafuta. Mfano mkali zaidi ninaoujua ni wa Mazda RX-7 iliyotoka mwaka 1978. Injini yake, 12A, haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu, na kingo zake zinahitaji oili kidogo kila wakati ili zisisagike. Pampu ya oili hiyo imeungwa na wenzo wa kabureta, na oili hupitia kwenye kabureta ileile. Mwenye gari akifunga Weber au Holley ili apate mbio, akasahau njia ya oili, atalazimika kuichanganya kwenye tangi, la sivyo kingo za rota zitaisha. Land Rover haikuwa na utata huo, lakini nayo kabureta yake ilipangwa pamoja na chujio lake la hewa la kuogea oili, nyenzo zake na mpangilio wa moto wake. Ukiondoa kimoja bila kuangalia vingine, unaanzisha tatizo jipya na kulipa jina la lile la zamani.

Petroli yenyewe nayo ilichangia lawama hizo. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli, na wachanganyaji walifaidi. Injini iligonga, ikakosa nguvu, na kabureta ikafunguliwa tena. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka uliofuata. Lakini kufikia hapo mabadiliko makubwa yalikuwa yamekwisha kutokea kwa njia nyingine. Dizeli ilikuwa imeenea tangu enzi za matrekta ya mashamba ya ngano ya Bassotu, yale ya shirika la serikali la NAFCO na msaada wa Kanada yaliyomeza malisho ya Wabarabaig, na Land Cruiser za dizeli zikachukua nafasi ya Land Rover. Kisha zikaja Toyota Noah, zenye injini ya kupulizia petroli kwa nozo. Ndani yake kuna kipimo cha hewa inayoingia na kipimo cha oksijeni kwenye bomba la moshi, na kompyuta inapunguza mafuta yenyewe gari linapopanda.

Hapo ndipo pingamizi kubwa zaidi linaposimama: kama kompyuta imemaliza kazi, kuna haja gani ya kufufua elimu ya kabureta? Kwa magari madogo nakubali, na simshauri mtu arudi nyuma. Lakini kabureta haikuondoka Mbulu wala Hanang. Imehamia kwenye pikipiki. Bodaboda zinazopanda Dareda, zinazozunguka Endasak na Bassotu, nyingi bado zina kabureta, na zinateseka kwa hewa ileile iliyoitesa Land Rover. Mwenye bodaboda anayepoteza hata sehemu ndogo ya kila lita anaipoteza kila siku ya kazi. Ni kweli pia kwamba kupunguza petroli kupita kiasi huunguza vali, na anayeshuka mpaka Magara atakuta mchanganyiko umepungukiwa petroli kwa karibu asilimia 4 kuliko ulivyokuwa juu. Ndiyo maana marekebisho yawe madogo: jeti ya namba moja chini, au katika pikipiki zenye sindano ya mifuo, kupandisha klipu mfuo mmoja ili sindano ishuke. Kisha plagi isomwe. Rangi ya kahawia inafaa, nyeusi ni petroli nyingi, nyeupe ni hatari. Nguvu ya pwani haitarudi yote, kwa sababu hewa iliyokosekana hairudishwi na jeti yoyote.

Walimu wa ufundi wa VETA mkoani Manyara waliingize somo hili waziwazi, kwa vipimo vya Mbulu na Katesh badala ya vipimo vya kitabu cha kiwanda. Na wewe unayetunza Land Rover ya baba uani, usinunue kabureta mpya kabla hujafungua plagi ukatazama rangi yake.