Dawa Nyekundu na Wagonjwa Wetu



Kila mwaka wa masomo sisi mafrateri hupangiwa utume wa Jumamosi. Wapo wanaofundisha dini mashuleni, wapo wanaokwenda gerezani, na sisi wachache tulipangiwa wodi ya wagonjwa wa saratani. Tulikwenda na rozari, vitabu vya nyimbo na masomo ya Jumapili. Baada ya miezi michache tuliona kwamba mgonjwa anahitaji pia mtu wa kumsaidia kuelewa dripu aliyotundikiwa, kwa sababu hofu na uvumi vinaweza kumwondoa kwenye matibabu kabla ugonjwa haujafanya hivyo.

Tuzungumzie dawa moja tu, doksorubisini. Wagonjwa huiita "dawa nyekundu", maana rangi yake ni kama juisi ya choya. Hutolewa kwa mshipa kutibu saratani ya matiti, saratani ya tezi na nyingine kadhaa. Asili yake ni ardhini. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Italia walichukua udongo karibu na ngome ya kale ya Castel del Monte, wakapata humo bakteria anayetoa rangi nyekundu yenye uwezo wa kuua seli za saratani. Kutoka kwa jamii ya bakteria huyo dawa hii ilipatikana katika miaka ya 1960. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kwamba Mungu ndiye aliyeweka dawa ardhini, na anamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Tumeshuhudia kwamba mambo hayo mawili hayagombani.

Hata hivyo dawa hii ni kali. Jambo la kwanza linalotisha ni mkojo: kwa siku moja au mbili baada ya dripu huwa mwekundu. Hiyo ni rangi ya dawa inayotoka mwilini. Mama mmoja tuliyekuwa tukimtembelea hakuambiwa hilo akaelewa. Majirani walipoona wakasema ametegwa, naye akaacha kwenda kwenye dripu ya pili. Ilichukua wiki kadhaa na maneno mengi ya upole hadi akarudi.

Jambo la pili ni mshipa wenyewe. Dawa hii ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama ya mkono, na kidonda chake kinaweza kuwa kirefu. Kwa hiyo mgonjwa akisikia moto, maumivu au akiona uvimbe penye sindano, amwite muuguzi papo hapo. Wazee wetu wengi huvumilia kimya wakidhani ni adabu. Hapa uvumilivu huo ni hatari, na sisi tunaokaa kando ya kitanda tunaweza kusema kwa niaba yao.

La tatu ni moyo. Dawa hii inaweza kuudhoofisha, wakati mwingine miaka mingi baada ya tiba. Ndiyo maana madaktari hupima moyo kabla ya kuanza, na huhesabu jumla ya dawa ambayo mtu amepewa maishani ili isivuke kiwango. Anayehama hospitali asiache nyuma kumbukumbu zake. Akianza kuhema kwa shida au kuvimba miguu, aseme.

La nne ndilo lililotuumiza. Siku ya 10 hadi ya 14 hivi baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka sana, na mwili hubaki bila walinzi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati huo ni dharura, hata kama mgonjwa anaongea na kucheka. Kijana mmoja aliyependa sana kuimba nasi alipata homa Alhamisi usiku. Nyumbani walimpa panadol, homa ikatulia, ikarudi. Wakaona wasubiri Jumapili aombewe kwanza. Jumatatu alifikishwa hospitali akiwa hoi, na Jumatano tulimwimbia mazishi. Familia ile ilimpenda na ilisali kwa moyo wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema kwamba homa hiyo haisubiri asubuhi. Sala isemwe njiani, ndani ya bajaji, kuelekea hospitali.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu, na tunazishauri jumuiya ndogo ndogo ziufuate. Mwenye mafua, kikohozi au kuhara asiende kumtembelea mgonjwa, ampigie simu. Wanaokwenda wanawe mikono kwa sabuni, wawe wachache, wasikae sana. Anayemhudumia mgonjwa avae glavu anaposhika mkojo, matapishi au shuka zilizochafuka katika siku za mwanzo baada ya dripu, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Lakini kumshika mkono, kumkumbatia na kuketi naye hakumdhuru yeyote. Tumewaona wagonjwa waliotengewa hata kiti. Hilo halina sababu. Na dawa za mitishamba zisitolewe kwa siri: daktari aambiwe kwanza.

Kwa upande wa sakramenti, Kanisa ni mama. Dawa hii huweza kuleta vidonda mdomoni. Mgonjwa asiyeweza kumeza hostia nzima apewe kipande kidogo na maji, na ikilazimu sheria ya Kanisa inaruhusu Komunyo kwa umbo la divai peke yake. Mgonjwa na anayemuuguza hawabanwi na mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo. Nao Mpako wa Wagonjwa unaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Msisubiri dakika za mwisho kumwita padre.

Tunawaomba kila jumuiya iwe na kipimajoto kimoja, namba ya simu ya wodi, na mtu mwenye usafiri atakayekubali kuamshwa usiku. Kisha tuwaombee wagonjwa wetu, madaktari na wauguzi wao, bila kuchoka.