Bibi Aliyelipia Misa Mara Tatu

Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia kosa langu mwenyewe, maana huenda nawe umekwisha kulitenda, au kesho utalitenda.

Mimi ni karani wa parokia. Naandika vitabu vya ubatizo na ndoa, napokea zaka na nia za Misa. Jumatatu moja alikuja ofisini bibi wa kigango cha mbali, akatoa sadaka ili marehemu mumewe aombewe. Nikaandika. Jumatano akaja tena kwa nia ile ile. Nikamwambia, "Bibi, umekwisha kutoa." Akasema si kweli. Ijumaa akaja mara ya tatu, fedha amezifunga katika pindo la kanga.

Basi mimi, kwa kuwa nilisomea ualimu chuoni, nikataka kumpima kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwuliza, "Leo ni tarehe ngapi?" Hakujua. Nikampa kalamu na karatasi achore nyumba. Akaishika kalamu kama mtu ashikavyo mwiko. Watu waliokuwa wakingoja mlangoni wakacheka, na mimi nikacheka nao. Bibi akainuka akasema, "Mjukuu wangu, mimi sikusomeshwa," akaenda zake.

Haukupita mwezi, alfajiri moja akakutwa amesimama uani kwa jirani, hajui njia ya kwake. Kabla jua halijapanda, neno lilikuwa limeenea kijiji kizima: bibi ni mchawi. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kushika fimbo. Kama katekista asingalipita pale akienda kupiga kengele, sijui siku ile tungalimzika nani. Wajua, msomaji, kwamba katika nchi yetu wako vikongwe waliouawa kwa neno hilo hilo.

Padre alipopata habari alimwita sista mwuguzi wa zahanati, naye ndiye aliyenifumbua macho. Alinieleza mambo ya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Mnamo miaka ya 2009 na 2010, wataalamu wa Tanzania na Uingereza walizunguka vijiji sita, wakawapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Waliona kwamba katika kila wazee 100, kadiri ya sita wana ugonjwa wa kusahau, uitwao demensia. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, si laana, wala si uzee mtupu, maana wazee walio wengi hawana.

Lakini lililonichoma moyo ni habari ya vipimo vyenyewe. Vipimo vya Ulaya mara nyingi humtaka mtu aandike na kuchora. Wazee wengi wa vijijini hawakupata kukaa darasani, na mwenye akili timamu aweza kushindwa kwa sababu ya kalamu tu. Kwa hiyo baadaye wakatengeneza kipimo kingine. Mzee husomewa maneno ayakumbuke baadaye, hutaja majina ya wanyama kwa dakika moja, tena hupanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Nani asiyejua njiti za kiberiti? Hapo nikaona aibu. Kalamu yangu haikupima akili ya bibi. Ilipima umaskini wa baba yake.

Tena umaskini huo humfuata mtu hata uzeeni. Huko Marekani, mwaka 1986, mtaalamu David Snowdon alianza kuwachunguza watawa wazee wa shirika la School Sisters of Notre Dame. Hatimaye masista 678 walikubali kupimwa kila mwaka, na ubongo wao kuchunguzwa baada ya kufa. Fikiri, watawa hawa waliishi maisha yaliyofanana sana kwa chakula, malazi na matibabu. Hata hivyo, wale waliosoma sana walikaa na nguvu na akili zao muda mrefu kuliko wenzao wenye elimu kidogo. Shule ya utotoni ni kama ghala: njaa ikija, mwenye akiba hukawia kuhisi.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba Lancet lilitaja mambo 14 yaongezayo hatari ya ugonjwa huu. Miongoni mwao ni kukosa shule, shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, masikio na macho yasiyotibiwa, na upweke. Walisema karibu nusu ya ugonjwa huu duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Basi yatupasa nini, wazazi na vijana? Kwanza, mzee akianza kurudia maneno au kupotea njia, apelekwe hospitali, asipelekwe kwa mpiga ramli. Pili, asiachwe peke yake siku nzima wakati ninyi mko shambani. Akae na watu, azungumzishwe. Tatu, binti yako asizuiliwe shule ili achunge mbuzi, kwani ukimnyima leo, unampunguzia akiba ya miaka 70 ijayo. Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu, alikwisha kutuasa kumvumilia baba hata akili zake zikimpungukia. Amri ya nne haina kikomo cha umri.

Nilikwenda kwa yule bibi kumwomba radhi. Hakukumbuka hata kidogo kwamba nilimcheka. Siku hizi akija ofisini na pindo lake, namwamkia, nampa kiti, tunasali pamoja Salamu Maria kwa ajili ya mumewe. Sala ile hajasahau hata neno moja. Kisha namsindikiza mpaka kwake, na fedha zake namkabidhi mkwewe.

Tumwombee, na tuwaombee wazee wetu wote.