Valizi Iliyo Chini ya Kitanda

Vijana wapenzi, wengi wenu mtaanza ndoa katika nyumba ya kupanga, na nyumba hiyo itakuwa ndogo. Yetu ina vyumba viwili kwenye mteremko wa Kadutu, mjini Bukavu. Chumba cha kulala kina mita 3 kwa 4. Cha pili ni sebule mchana, jiko siku za mvua, na malazi ya wageni usiku. Hatusemi haya kwa kulalamika, maana jirani zetu wa chini wanaishi watu saba katika nafasi hiyohiyo. Twasema ili mwelewe kwamba katika nyumba ya namna hii hakuna kitu kinachowekwa hivihivi tu. Kila kitu kinachokaa kinamnyima mtu mahali pa kunyoosha miguu, na kwa hiyo ni lazima kijulikane kinakaa kwa ajili ya nani.

Nguo za mtoto mchanga huleta swali hilo mapema kuliko vitu vingine. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa karibu sentimita 50. Akitimiza mwaka mmoja amefikia kama 75, na uzito wake umekuwa mara tatu. Nguo za Ulaya zinazotufikia katika baloti mara nyingi huandikwa 50, 56, 62, 68, 74. Namba hizo ni sentimita za mwili wa mtoto, wala si miezi, na kila moja ni nguo atakayoiaga baada ya majuma machache. Mzaliwa wetu wa kwanza alivaa sweta moja ya manjano mara nne tu. Ilipombana ilikuwa bado ina ukali wa rangi kama siku tuliyoinunua. Nani atatupa sweta kama hiyo?

Basi tukaziweka. Valizi ya zamani, ambayo zipu yake hufungwa kwa kuisihi, ilipata nafasi chini ya kitanda, juu ya matofali mawili ili isiguse sakafu. Hapa kwetu mvua huanza mwezi wa tisa na kuendelea hadi wa tano, na unyevu hupanda kutoka chini bila kuonekana. Tulijifunza kwa akina mama wa kartiye kwamba nguo iliyofungwa ndani ya sashe ya plastiki hushika ukungu upesi, kwa sababu unyevu ulioingia nayo hauna pa kutokea. Afadhali kuifunga katika kikwembe kilichochakaa, ambacho hupumua. Doa la maziwa, hata lisipoonekana siku ya kufua, hugeuka manjano likikaa miezi mingi. Kwa hiyo hufuliwa tena na kusuuzwa sana kabla ya kuhifadhiwa. Na pasi haiachwi, hata kwa nguo ya kulalia: kuna nzi anayetaga mayai katika nguo zilizoanikwa zikiwa mbichi, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto. Moto wa pasi huyaua mayai hayo.

Jambo moja tunaliandika kwa mkazo. Mtu alitushauri tutie vidonge vya naftalini, na muuguzi wa kituo cha afya akatukataza kabla hatujavinunua. Harufu yake hubaki katika nguo, na huweza kuharibu chembe nyekundu za damu ya mtoto mchanga, hasa yule aliyezaliwa na upungufu fulani wa damu ambao ni mwingi katika nchi za malaria kama yetu. Kipande cha sabuni kikavu kinatosha. Mwezi wa saba, jua likiwa kali, valizi hufunguliwa na nguo zote huanikwa upya kwa siku nzima.

Tulizipanga kwa namba, zile za 50 juu kabisa, kwa kuwa tulikuwa tunamngojea wa pili.

Mwezi wa pili wa mwaka 2021 mimba hiyo ilitoka, ikiwa na miezi mitano.

Baada ya hapo valizi ilikuwa kubwa kuliko chumba. Mmoja wetu alitaka iondoke siku hiyohiyo, hata kama ni kuipeleka kwa mtu asiyejulikana. Mwingine hakuruhusu iguswe, na usiku alikuwa akiinyoosha mkono wake chini ya kitanda kuhakikisha ipo. Wazee wa pande zote mbili walisema yao: huyu kwamba nguo zisizo na mtoto huita huzuni nyumbani, yule kwamba ukizitoa umesema hutazaa tena. Walisema kwa upendo, lakini kila neno lilikuwa na uzito wa jiwe. Tulikaa miezi mitatu tukiizunguka ile valizi kama watu wanaozunguka shimo, na tulifagia mpaka ukingoni pake tu.

Tarehe 22 mwezi wa tano, volkano ya Nyiragongo ililipuka juu ya Goma. Siku tano baadaye wakuu waliamuru watu wa sehemu kubwa ya mji ule wahame, na maelfu wakatoka, wengine kwa miguu kuelekea Sake, wengine wakivuka kwenda Rwanda, wengine wakipanda meli na mitumbwi kuja kwetu kupitia ziwa. Kwetu walifika ndugu yetu na mke wake, wakiwa na begi moja na mtoto wa majuma matatu. Alikuwa amefungwa katika kikwembe cha mama yake, na chini yake fulana ya baba.

Usiku huo tulilala watu sita. Yule mama alikuwa anajua yaliyotupata, na hakuomba kitu. Ndiye aliyelinda valizi ile miezi yote mitatu aliyeivuta mwenyewe. Alizitoa nguo moja moja, akiinusa kila moja kabla ya kuiweka kitandani, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

"Shemeji, acha," yule mama alisema. "Hizi ni za mtoto wenu."

"Aliyezivaa amelala pale, amezipita. Huyu ana baridi."

Mtoto alivalishwa sweta ya manjano. Ilimpwaya kidogo mikononi.

Waliporudi Goma mwezi wa sita, valizi ilikwenda nao. Kabla hawajaondoka tuliandika ndani ya kifuniko, kwa kalamu ya wino, orodha ya nguo, tarehe, na aliyezichukua. Baadhi ya wazee waliona haya kwa niaba yetu. Walisema kati ya ndugu haihesabiwi. Sisi tunaona kinyume. Kitu kisichoandikwa huonewa aibu kudaiwa, na anayeona aibu kudai mara ya pili hataazima. Orodha ndiyo iliyotuwezesha kuwapa bila kinyongo.

Mwaka 2023 tulijaliwa mtoto wa pili, na valizi ikarudi kwa meli. Nguo tatu zilikuwa zimepotea. Tano hatukuzitambua, na mojawapo ilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Kitu kimoja hakikuwahi kusafiri: kanzu nyeupe ya ubatizo. Hiyo imekunjwa katika bahasha, nyuma ya picha ukutani, mahali ambapo haimbani mtu yeyote.

Ninyi mnaochumbiana mtaulizwa mengi kuhusu mahari na karamu. Ulizaneni pia, kabla ya siku hiyo, mtaweka wapi vitu ambavyo havijapata mwenyewe, na ni nani kati yenu atakuwa na haki ya kuvifungua.

Kwa sasa valizi iko kwa jirani zetu wa chini. Orodha imefika kwa jina la nne, na kifuniko kinakaribia kujaa. Mwandiko wa tatu ni wa bibi mmoja wa Bagira aliyemchukulia mjukuu wake. Mbele ya kila kitu ameweka alama ya msalaba mdogo, isipokuwa mstari wa mwisho, ambapo ameandika kwa herufi kubwa: soksi za bluu, moja imepotea, namwachia panya.