Nyumba ya Pembeni, Brick Lane

Msomaji anayeshuka kituo cha treni cha Aldgate East, mashariki ya London, na kuifuata njia fupi iitwayo Osborn Street, baada ya dakika chache tu hujikuta Brick Lane. Wengi wetu tunaujua mtaa huo kwa tumbo kabla ya kuujua kwa akili: biriani, samaki wa barafu kutoka Bangladesh, bizari ya kupimwa kwa kilo. Majina ya njia yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kibengali. Sisi tulikwenda huko Jumamosi moja, wazee kadhaa pamoja na vijana wetu, kwa haja nyingine. Tulitaka kuitazama nyumba moja ya matofali iliyopo pembeni, pale Brick Lane inapokutana na Fournier Street, na kuzungumza karibu yake juu ya jambo ambalo siku hizi linazigawa hata familia zetu wenyewe: nani aingie katika nchi hii, na nani afungiwe mlango.

Nyumba hiyo leo ni msikiti, Brick Lane Jamme Masjid. Ilijengwa mwaka 1743, na walioijenga walikuwa Waprotestanti wa Kifaransa walioitwa Wahugenoti. Mfalme Louis wa 14 alikuwa ameifuta, mwaka 1685, amri iliyowaruhusu kuabudu kwa njia yao. Makanisa yao yakabomolewa, na juu ya hayo wakakatazwa kutoka nchini. Wakatoroka kwa siri, wengi wao kwa njia ya bahari. Waliofika Uingereza hukadiriwa kuwa kiasi cha watu 50,000. Neno la Kiingereza lenye maana ya mkimbizi, ambalo vijana wetu hulisikia kila siku katika taarifa za habari likitamkwa kwa kukunja uso, liliingia katika lugha ile pamoja na watu hao, likitoka Kifaransa. Basi wa kwanza kuitwa mkimbizi hapa alikuwa Mkristo mweupe, fundi wa kufuma hariri.

Nyumba walizokaa zingali zimesimama katika Fournier Street, na mwenye kuinua macho ataona madirisha mapana ya darini, yaliyowekwa ili mfumaji apate mwanga wa kutosha. Leo huuzwa kwa mamilioni ya pauni. Fundi wa hariri asingeweza kununua hata ngazi yake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee wetu. Hawa walikuja na jembe lao mkononi, na bado hawakukosa wa kuwachukia. Mwaka 1694 Bunge lilipojadili mswada wa kuwapa uraia Waprotestanti wa kigeni, mbunge wa Bristol, Sir John Knight, alishauri kwamba kwanza mswada utupwe nje ya Bunge, kisha wageni watupwe nje ya ufalme. Hotuba yake ilipochapwa na kusambazwa, Bunge liliamuru ichomwe moto. Tuliposoma habari hiyo tulistaajabu kidogo, kwani hotuba za namna ile hatujasikia zikichomwa katika siku zetu.

Wajukuu wa Wahugenoti wakawa Waingereza, wakasahau Kifaransa, wakahama. Nyumba ikawa kanisa la Wamethodisti. Kisha, baada ya Mfalme wa Urusi kuuawa mwaka 1881 na Mayahudi wa himaya yake kuanza kushambuliwa, maelfu kwa maelfu yao walimiminika katika mitaa hii iliyo karibu na gati. Ilipofika mwaka 1898 nyumba ya pembeni ilikuwa imekwisha kuwa sinagogi.

Hapo ndipo kelele zilipoanza upya, na hapa tunaomba msomaji asikilize vizuri, maana atayatambua maneno. Mwaka 1901 kiliundwa katika mitaa hii hii chama kilichoitwa British Brothers' League, akikiunga mkono mbunge wa Stepney, Meja William Evans-Gordon, aliyewahi kuwa ofisa katika jeshi la India. Walisema wageni wanapandisha kodi za nyumba, wanashusha ujira, wanaleta maradhi, na mtaa umekuwa si wa Waingereza tena. Januari 1902 maelfu ya watu walikusanyika katika ukumbi wa People's Palace, Mile End, kudai mlango ufungwe. Tuseme kweli: kodi zilikuwa zimepanda, na vyumba vilikuwa vimejaa pomoni. Maskini wa Kiingereza hakuwa akiota. Ila mwenye nyumba aliyempandishia kodi Mwingereza na Myahudi pamoja, huyo hakuna mkutano ulioitishwa dhidi yake.

Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Wageni ya mwaka 1905, ambayo ni mzazi wa sheria zote za uhamiaji za Uingereza ya leo. Ukaguzi wake ulimhusu abiria wa daraja la chini melini. Aliyelipa nauli ya juu alipita bila kuulizwa. Na Waziri Mkuu ambaye serikali yake iliipitisha alikuwa Arthur Balfour, yule yule aliyetia saini, mwaka 1917, barua ya kuwaahidi Mayahudi maskani katika nchi ya Palestina. Mmoja wa vijana wetu aliposikia hayo aliuliza: “Yaani hakuwataka kwake, akawagawia kwa watu?” Hatukuwa na la kuongeza.

Mayahudi nao walipanda daraja, wakahamia kaskazini ya jiji, Finchley na pande hizo. Wabengali wakaja, wengi wao kutoka Sylhet, wakashona makoti katika vyumba vile vile walimoshona Mayahudi, na mwaka 1976 nyumba ya pembeni ikafunguliwa kuwa msikiti. Hakuna aliyeibomoa. Mnara wa chuma kisichoshika kutu, unaong'aa mbele yake, uliwekwa mwaka 2009. Ukizunguka upande wa Fournier Street utaiona, juu ukutani, saa ya jua ya Wahugenoti yenye tarehe ya 1743 na maneno mawili ya Kilatini yasemayo kwamba sisi wanadamu ni kivuli. Waumini wa dini tatu wamepita chini yake, na kila mmoja ameiacha mahali pake.

Baada ya kuswali adhuhuri tulirudi kwa miguu hadi bustani iliyopo Whitechapel Road, tukakaa nyasini. Bustani hii imepewa jina la Altab Ali, kijana wa Kibengali, fundi wa nguo, aliyeuawa na vijana hapo karibu jioni ya tarehe 4 Mei 1978 alipokuwa akirudi kutoka kazini. Siku ile ilikuwa siku ya uchaguzi wa mabaraza ya miji. Siku kumi baadaye watu wapatao 7,000 waliandamana nyuma ya jeneza hadi mlangoni kwa Waziri Mkuu. Jina la bustani lilibadilishwa mwaka 1998.

Hapo nyasini ndipo tulipogombana, kwa adabu.

Mzee mmoja, mwenyeji wa Mombasa, alisema: “Hawa wanaovuka kwa mashua za mpira kutoka Ufaransa tusilinganishwe nao. Sisi tulipanga foleni. Tulilipa, tukangoja viza, tukaja kwa karatasi.” Mama mmoja alimuunga mkono, bintiye na wajukuu wamo katika chumba kimoja, na jina lao katika orodha ya nyumba za baraza halisogei. Haya si maneno ya watu wabaya. Ni watu wanaoswali nasi safu moja, na baadhi yao walipiga kura mwaka 2016 ya kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, wakitaraji kwamba Mpolandi akizuiwa, ndugu zetu wa Afrika na Asia watafunguliwa.

Aliyejibu alikuwa binti mdogo kuliko sisi sote, mwanafunzi wa sheria. “Babu,” alisema, “Wahindi wa Nairobi mwaka 1968 hawakuwa na karatasi?”

Wazee walinyamaza, kwani wengi wetu tunaukumbuka mwaka ule. Kenya ilikuwa imepitisha, mwaka 1967, sheria iliyomtaka asiye raia awe na kibali cha kazi. Wahindi waliokuwa na paspoti za Uingereza wakaanza kuondoka kuja huku, wakiwa na haki kamili. Serikali ya Uingereza, kwa mkono wa Waziri wa Mambo ya Ndani James Callaghan, ilipeleka mswada Bungeni tarehe 27 Februari 1968, na ilipofika tarehe 1 Machi ulikuwa sheria. Kwa siku tatu paspoti ile ile ikawa haimwingizi mwenyewe nchini, isipokuwa yeye, mzazi wake au babu yake awe na asili ya visiwa hivi. Watu walikuwa wamekwisha kuuza maduka yao. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba watu hao walibaguliwa kwa rangi zao na kudhalilishwa. Nao wapakuzi wa meli wa gati hizi hizi za mashariki ya London, wengi wao wajukuu wa Waairishi waliokimbia njaa, waliandamana hadi Bungeni Aprili ya mwaka huo wa 1968 kumshangilia Enoch Powell.

Kwa hiyo maneno ya “sisi tulikuja kwa karatasi” yana kasoro ambayo mzee wetu hakuiona. Karatasi humlinda mtu mradi mwenye kuiandika hajabadili nia. Mwaka 2018 tuliona wazee wa visiwa vya Karibiani, waliokuja wakiwa watoto na kwa haki, wakinyimwa kazi na matibabu, wengine wakafungwa na kurudishwa, kwa kukosa ushahidi ambao hakuna aliyewahi kuwaambia wautunze. (Kwa hivyo mwenye barua zake za zamani asizichome wakati wa kufagia nyumba.)

Tena tazama nani alishika mlango. Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu na kuahidi kuzizuia mashua, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda katika miaka ya 1960. Yeye ndiye aliyekwenda Kigali, Aprili 2022, kutia saini mapatano ya kupeleka wakimbizi Rwanda. Mahakama ya Juu iliukataa mpango huo Novemba 2023, na serikali mpya ikaufuta Julai 2024. Baba yake Suella Braverman alitoka Kenya mwaka huo huo wa 1968. Hatuwataji kwa kuwasuta asili yao. Kila mtu ana haki ya rai yake. Tunawataja kwa sababu watoto wetu nao watakuwa mawaziri siku moja, inshallah.

Mzee wa Mombasa hakukubali kushindwa kirahisi, wala hakustahili. “Basi mlango uwe wazi kwa kila mtu?” aliuliza. Binti akasema hapana, hakuna nchi isiyo na mlango. Na sisi tuliotoka pwani tusijifanye hatujui kufunga: Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 mwaka 1972, na miongoni mwa wasomaji wetu wamo waliokimbia Unguja mwaka 1964. Alichotaka yeye ni kwamba mtu asikilizwe kabla ya kufukuzwa, na asiachwe afe maji. Novemba 2021 watu wasiopungua 27 walikufa katika mkono ule wa bahari kwa usiku mmoja. Hapo mzee alisema, “Hilo ni kweli,” kisha akasema tena kwamba mashua ni nyingi mno.

Sisi tunaandika haya tukiwa upande wa binti. Lakini hatupendi wale wanaomwita mzee yule mbaguzi. Mama aliyekosa nyumba hawezi kujibiwa kwa historia ya Wahugenoti. Ajibiwe kwa nyumba.

Kabla ya kuondoka, mwenzetu mmoja Mbarawa alitukumbusha yaliyowapata watu wake, ambao Kibarawa chao ni ndugu wa Kiswahili chetu. Juni 2013 kituo chao cha Muswell Hill, walimofundisha watoto Kurani, kiliteketezwa kwa moto usiku, na ukutani zikakutwa herufi za kundi moja la wapinga Uislamu. Ramadhani ikawa inakaribia. Waliowafungulia milango wakapata mahali pa kukusanyika na kuswali katika mwezi ule walikuwa Mayahudi wa sinagogi moja la Finchley. Wako waliotabasamu kwa kufikiri kwamba babu za watu hao huenda waliwahi kusali katika nyumba ya pembeni.

Hali ya sasa haitulii. Agosti 2024, baada ya mauaji ya watoto Southport na uvumi wa uongo juu ya muuaji, misikiti na hoteli za wakimbizi zilishambuliwa. Septemba 2025 zaidi ya watu 100,000 waliandamana katikati ya London wakidai mipaka ifungwe, na mwezi uliofuata polisi waliwazuia wafuasi wa chama cha UKIP kuandamana ndani ya wilaya hii ya Tower Hamlets. Tulipokuwa tukipita, bendera ya msalaba mwekundu ilikuwa bado inaning'inia kwenye nguzo ya taa, imefifia kwa mvua. Mtoto mmoja aliuliza kama ni ya mpira. Baba yake akamwambia ni bendera ya nchi, na ya kwake pia, maana amezaliwa hospitali ya Whitechapel.

Watakaopenda kwenda wachague Jumamosi, kwani Jumapili soko hujaa na watoto hupotea. Upande wa wanawake katika msikiti waulize mapema. Na walio na njaa wasikimbilie biriani peke yake: upande wa kaskazini wa mtaa lipo duka la Mayahudi, Beigel Bake, linalouza mikate ya mviringo yenye samaki mchana na usiku, na foleni yake ni ya watu wote.